Bei ya Ujuzi: Hesabu za Daktari wa Mifugo wa Mbale na Wanale

Katika vijiji vya Wanale, bega la magharibi la Mlima Elgon lililo juu ya jiji la Mbale mashariki mwa Uganda, ng'ombe wa maziwa huhesabika kwa vidole: kaya moja ina mmoja, nyingine ina wawili, na mwenye watatu huonekana mfugaji mkubwa, kwa kuwa ardhi ni finyu, miteremko ni mikali, na sehemu kubwa ya shamba imeshikwa na migomba, mibuni, vitunguu na viazi. Wanyama hao hawachungwi, bali hukaa bandani mwaka mzima wakikatiwa majani ya tembo na kuletewa maji. Ng'ombe mmoja wa namna hiyo, hasa chotara wa Friesian, ndiye karo ya shule, mbolea ya mibuni, maziwa ya watoto na akiba ya siku ya dharura, hivyo kifo chake huitikisa kaya nzima. Lakini kwa daktari wa mifugo aliyefungua ofisi bondeni mjini, mteja mwenye ng'ombe wawili ni mteja mwenye kazi chache kwa mwaka, naye hufikiwa kwa pikipiki inayopanda kutoka mwinuko wa takriban mita 1,150 hadi zaidi ya mita 2,000. Namna daktari huyo anavyoweza kumhudumia mteja huyo bila kufilisika, na bila kumdhuru mteja au mnyama katika juhudi za kutofilisika, ndiyo mada ya makala haya.

Mtu akiuliza kwa nini ofisi nyingi za tiba ya mifugo hufunguliwa kwa matumaini na kufungwa kimyakimya, jibu la haraka ni kwamba wafugaji ni maskini na hawapendi kulipa. Jibu hilo halitoshi. Mfugaji huyohuyo anayesemekana hapendi kulipa hununua chupa ya dawa kwa fedha taslimu, hurudi wiki inayofuata kununua nyingine, na mwisho wa mwaka huwa ametumia fedha nyingi kuliko ambazo angetumia kama mnyama angepimwa vizuri siku ya kwanza. Tatizo limo katika namna huduma yenyewe inavyouzwa: daktari huuza chupa na kutoa ujuzi wake bure, kisha hutarajia faida ya chupa ilipe ujuzi, safari, kodi ya chumba, mshahara wa msaidizi na miaka mitano ya masomo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kasoro nyingi za biashara hii huanzia hapo, na baadhi ya kasoro za kitabibu pia.

Mazoea hayo yana historia. Wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, daktari wa mifugo nchini Uganda alikuwa mtumishi wa serikali. Alilipwa mshahara, alipewa gari au pikipiki, na dawa zilitolewa bure au kwa bei iliyopunguzwa, huku mifugo ikiogeshwa katika majosho ya umma. Mfumo huo ulidhoofika pamoja na uchumi wa nchi katika miaka ya 1970 na 1980, na serikali ilipoanza kurekebisha uchumi mwishoni mwa miaka ya 1980, huduma za tiba zilielekezwa mikononi mwa watu binafsi, na wahitimu wakaacha kupokewa moja kwa moja katika utumishi wa umma. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 zikaupeleka utumishi uliobaki kwenye wilaya, nazo wilaya hazikuwa na fedha za kutosha za mafuta wala dawa.

Hoja ya kiuchumi iliyotumika wakati huo, ambayo ilielezwa kwa urefu katika utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 1992 kuhusu mgawanyo wa kazi kati ya serikali na sekta binafsi katika huduma za mifugo, ni rahisi kueleweka. Huduma ambayo faida yake humwendea mwenye mnyama peke yake, kama vile kutibu kiwele kilichovimba au kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa, huitwa manufaa binafsi, na anayenufaika ndiye anayepaswa kulipa. Huduma ambayo faida yake huwaenea watu wote, kama vile kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo usivuke wilaya au kukagua nyama machinjioni, huitwa manufaa ya umma, na hakuna mtu mmoja atakayeilipia kwa hiari kwa kiwango kinachotosha, kwa hiyo serikali lazima iibebe. Mgawanyo huo ni sahihi kwenye karatasi. Uliloacha bila jibu ni swali la nani angemfundisha mfugaji, aliyezoea kwa miaka mingi kwamba daktari ni wa serikali na haulizwi bei, kwamba sasa ujuzi una bei, na nani angemfundisha daktari, aliyesomea viungo vya mwili, vimelea na upasuaji, namna ya kuitaja bei hiyo bila aibu. Kenya, iliyopita njia hiyohiyo katika miaka ya 1990, ilianzisha kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya mpango wa mikopo ulioendeshwa kupitia chama cha madaktari wa mifugo ili wahitimu wafungue ofisi zao. Mkopo ulimpa daktari mtaji wa kuanzia, ila haukumpa mteja aliyezoea kulipia ushauri.

Kwa upande wa sheria, anayetaka kufungua ofisi Mbale au Jinja, miji miwili iliyopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, hukutana na milango kadhaa. Sheria ya Madaktari wa Mifugo ya mwaka 1958 ndiyo iliyoweka msingi wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo inayosajili wanataaluma. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, husimamia dawa za wanyama kama inavyosimamia za binadamu na ndiyo hutoa leseni ya duka. Jina la biashara husajiliwa katika ofisi ya taifa ya usajili wa biashara. Na jiji hudai leseni yake. Jambo moja linalosahaulika mara nyingi linahusu kodi ya mapato. Mfumo wa kodi nyepesi inayokokotolewa kwa mauzo, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 150 kwa mwaka, huwaacha nje watoa huduma za kitaaluma. Mtaalamu hutozwa kwa faida halisi, na faida halisi haiwezi kujulikana bila daftari la mapato na matumizi, kwa hiyo asiye na daftari hana njia ya kuthibitisha gharama zake mbele ya mtoza kodi.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa hadharani, kwa sababu wengi hawajawahi kuiona imeandikwa. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, zimewekwa kuonyesha njia ya kufikiri. Ichukuliwe ofisi ndogo yenye chumba cha kupanga kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, muuzaji anayelipwa 350,000, umeme wa 100,000, leseni na ada mbalimbali ambazo zikigawanywa kwa miezi 12 ni 50,000, na fungu la 200,000 linalowekwa kando kila mwezi kwa ajili ya kununua pikipiki nyingine hii iliyopo itakapochakaa. Hizo ni gharama za kudumu, yaani gharama zinazolipwa hata kama hakuna mnyama aliyetibiwa mwezi mzima, na jumla yake ni shilingi 1,100,000. Mafuta, sindano, glovu na dawa ni gharama zinazobadilika, kwa kuwa huongezeka na kupungua kulingana na kazi. Ikiwa kila safari, baada ya kuondoa gharama zinazobadilika, hubakiza shilingi 20,000, basi daktari anahitaji safari 55 kwa mwezi ili alipe gharama za kudumu peke yake, huku mfuko wake ukiwa bado mtupu. Akitaka naye alipwe 1,100,000 kwa mwezi, safari zinakuwa 110, na kwa mwezi wenye siku 26 za kazi hizo ni zaidi ya nne kila siku. Katika mtaa wa mjini hilo linawezekana. Kwenye mteremko wa Wanale, ambako banda moja na jingine hutenganishwa na bonde, na ambako mvua ikinyesha asubuhi pikipiki husukumwa kwenye tope, safari nne za mbali kwa siku ni kazi ya kumvunja mtu mgongo.

Fungu la uchakavu wa pikipiki ndilo linaloachwa nje ya hesabu kuliko mengine yote, pengine kwa sababu halina mtu anayekuja kulidai mwisho wa mwezi. Daktari anayeona fedha zimebaki kwenye droo huzihesabu kuwa faida na kuzitumia nyumbani, ilhali sehemu yake ni kipande cha pikipiki iliyokuwa ikiliwa na mawe ya barabarani siku hadi siku. Baada ya miaka minne au mitano chombo hukwama, hakuna akiba ya kununua kingine, na ofisi iliyokuwa ikionekana kustawi hugeuka kuwa duka tu, kwa kuwa daktari hana tena jinsi ya kumfikia mnyama.

Duka peke yake ndiyo hatari iliyotajwa mwanzoni. Anayeishi kwa faida ya dawa hushawishika, hata kama ni mtu mwema, kuona ugonjwa unaohitaji dawa pale ambapo ushauri wa usafi wa banda ungetosha. Muuzaji wake hushawishika zaidi, hasa akilipwa kwa asilimia ya mauzo. Mfugaji naye akishajifunza kwamba kinacholipiwa ni chupa, huenda moja kwa moja kwenye duka la bei nafuu, hununua antibiotiki ya oksitetrasaiklini na kumchoma mnyama mwenyewe, kwa kipimo cha kukisia, kisha hukamua na kuuza maziwa bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, yaani muda wa kusubiri hadi mabaki ya dawa yaishe katika maziwa au nyama. Uganda ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2018, nao mpango wowote wa aina hiyo hukwama ikiwa mapato ya mtu anayetegemewa kuzuia matumizi mabaya ya dawa yanatokana na wingi wa dawa anazouza.

Kupe hutoa somo hilohilo kwa ukali zaidi. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio aina ya Rhipicephalus appendiculatus, huua ng'ombe wa kigeni na chotara kwa muda mfupi, na kinga ya kawaida ni kuogesha au kunyunyizia dawa ya kupe mara kwa mara. Watafiti wa Makerere wameonyesha kwamba katika maeneo mengi ya Uganda kupe wamekuwa sugu kwa dawa, wakati mwingine kwa zaidi ya kundi moja la dawa kwa pamoja, na miongoni mwa sababu ni wafugaji kubadilisha chapa bila kubadilisha kundi la kemikali, kuchanganya dawa mbili katika pampu moja, na kupunguza kipimo ili chupa idumu. Yote hayo ni makosa ambayo ushauri wa dakika 20 ungeyazuia. Ushauri huo hautolewi kwa sababu hauna bei, na ng'ombe akishaugua, dawa ya buparvakwoni inayotumika kutibu ndigana kali ni miongoni mwa dawa ghali zaidi katika rafu za duka.

Hatua ya kwanza ya kujinasua, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni ndogo kiasi cha kudharauliwa: risiti yenye mistari miwili, mmoja wa dawa na mwingine wa kazi ya daktari. Ubao wa bei ukibandikwa ukutani, wenye ada ya kupimwa mnyama ofisini, ada ya safari ya mjini, ada ya miguuni mwa mlima na ada ya juu mlimani, mteja hujua kabla ya kupiga simu kwamba anaita mtu na kwamba mtu huyo analipwa kwa kuja. Dawa nayo inaweza kuuzwa kwa nyongeza ndogo, karibu na bei ya maduka mengine, hivyo jumla anayolipa mteja haipandi sana. Kinachobadilika ni kile anachojua kuwa amelipia. Hofu ya madaktari kwamba wateja watakimbia si hofu ya bure, na wachache hukimbia kweli. Hata hivyo daktari anayeshindana na maduka kwa bei ya chupa anashindana mahali ambapo hana nguvu, kwa kuwa chupa ileile ipo kila mahali, ilhali ujuzi wa kutofautisha ndigana kali na ndigana baridi haupatikani kwenye rafu.

Jambo la pili ni deni, na hapa kalenda ya Wanale ina sheria zake. Kaya nyingi za mlimani hupata fedha nyingi kwa mkupuo wakati wa kuuza kahawa ya Arabika, zao ambalo limebeba uchumi wa Bugisu, nchi iliyoizunguka Mbale, tangu enzi za ukoloni na ambalo lilizaa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Msimu wake mkuu huangukia miezi ya mwisho ya mwaka na kuingia mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Karo za shule huhitajika Februari, Mei na Septemba. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili huja imbalu, jando la Wamasaba, wenyeji wa Bugisu, ambalo hufunguliwa rasmi mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale, na sherehe zake hula fedha na mifugo pia. Ng'ombe haangalii kalenda hiyo. Huugua Mei kama anavyougua Desemba. Basi daktari hukopesha, na kukopesha si kosa, kwa kuwa mfugaji aliyekataliwa mkopo wa dawa Mei atakuwa hana ng'ombe wa kutibiwa Desemba. Kosa ni kukopesha bila kujua jumla.

Wahasibu hutofautisha faida na mzunguko wa fedha, na tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Ofisi inaweza kuwa na faida kwenye karatasi, kwa maana kwamba thamani ya kazi iliyofanyika inazidi gharama, lakini ikawa haina shilingi mkononi kwa sababu fedha zote ziko kwa wadeni mlimani. Wauzaji wa jumla wa Kampala, ambao wengi wako katika eneo la Container Village, hutaka fedha taslimu kwa mteja mdogo, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kahawa. Kwa hiyo daktari anapaswa kujiwekea kikomo cha jumla ya madeni, tuseme kiasi kisichozidi mauzo ya mwezi mmoja, na kikomo cha kila kaya, na kuandika kila deni pamoja na tarehe ya kulipwa, jina la mnyama na saini ya mdaiwa. Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Malipo kwa simu, yaliyoanza Uganda mwaka 2009, yamerahisisha jambo hili, kwa kuwa mfugaji anaweza kulipa kidogokidogo kila anapouza maziwa, na ujumbe wa simu hubaki kuwa ushahidi. Ila daktari azingatie katika bei zake kwamba tangu mwaka 2018 serikali hutoza asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa, mbali na ada ya kampuni.

Tofauti kati ya Jinja na Mbale huonekana katika mzunguko huo wa fedha. Jinja iko takriban kilomita 80 kutoka Kampala, kwa hiyo ofisi ya hapo inaweza kuagiza dawa kidogo mara kwa mara. Mbale iko mbali karibu mara tatu, na kila safari ya kuagiza hulazimisha shehena kubwa zaidi. Shehena kubwa ni fedha zilizolala rafuni. Chupa ikipitwa na muda wake wa matumizi hasara ni ya daktari peke yake, na chanjo zinazohitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi huharibika umeme ukikatika usiku mmoja bila mtu kujua. Kipimajoto ndani ya friji, daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni, na utaratibu wa kuuza kwanza dawa inayokaribia kupitwa na muda ni mambo yasiyogharimu kitu ikilinganishwa na sanduku moja la chanjo lililoharibika, au, jambo baya zaidi, chanjo iliyoharibika ikachomwa na kuku wakafa kwa kideri huku mfugaji akiamini wamekingwa.

Hata hivyo bei nzuri na daftari safi haziwezi kuondoa ukweli wa hesabu iliyofanywa hapo juu, kwamba mteja mmoja mwenye ng'ombe wawili juu ya mlima hawezi kuilipa safari ya kumfuata yeye peke yake. Jawabu lake ni kuwakusanya wateja, na bahati njema ni kwamba tiba yenyewe inasukuma upande huo. Chanjo ya ndigana kali inayojulikana kama mchanganyiko wa Muguga, kwa jina la mahali ilipoendelezwa nchini Kenya, ni mfano bora. Ni chanjo ya vimelea hai vinavyohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hutolewa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, na kwa kawaida dozi moja humkinga ndama kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu imefungashwa katika mirija ya dozi 40, na mrija ukishayeyushwa ni lazima utumike ndani ya saa chache. Daktari mwenye ndama watatu wa kuchanja hawezi kuufungua mrija bila hasara. Daktari mwenye orodha ya ndama 40 wa vijiji viwili, walioandikishwa na kulipiwa wiki moja kabla, anafanya kazi ya siku moja yenye faida, na kila mfugaji analipa sehemu ndogo tu ya safari. Chanjo ya kideri, inayouzwa katika vichupa vya dozi 100 au zaidi kwa watu wenye kuku kumi kumi, hudai mpango uleule.

Uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa badala ya dume, unafuata mantiki hiyo kwa sehemu. Mtungi wa naitrojeni hupungua siku hadi siku uwe umetumika au haujatumika, kwa hiyo gharama ya kila ng'ombe hutegemea idadi ya ng'ombe wanaohudumiwa kabla mtungi haujahitaji kujazwa tena, na kituo cha taifa cha rasilimali za uzazi wa wanyama, kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Uzalishaji wa Wanyama ya mwaka 2001, ndicho chanzo kikuu cha mbegu na naitrojeni. Lakini joto la ng'ombe halikusanyiki kama ndama wa chanjo. Hudumu kwa saa chache na mfugaji akichelewa kupiga simu nafasi hupita kwa wiki tatu. Daktari anayetoza nusu ya ada wakati wa kupandisha na nusu mimba inapothibitishwa huchukua sehemu ya hatari ya mfugaji, na kwa kuchukua hatari hiyo hupata sababu ya kurudi bandani, kumpima mnyama na kutoa ushauri wa lishe ambao vinginevyo usingeombwa.

Kukusanya wateja kumekuwa rahisi zaidi tangu Mpango wa Maendeleo wa Parokia ulipozinduliwa Kibuku, wilaya isiyo mbali na Mbale, tarehe 26 Februari 2022. Mpango huo wa serikali hutenga shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, yaani kitengo kidogo cha utawala, na mwanakikundi huweza kukopa hadi milioni moja kupitia ushirika wa akiba na mikopo wa parokia yake. Wengi hununua nguruwe, kuku au mbuzi, na wengi wa wanunuzi hao hawajawahi kufuga wanyama wa aina hiyo kwa biashara. Mnyama aliyenunuliwa kwa mkopo akifa, deni halifi naye. Daktari anayekwenda kwenye kikundi kabla wanyama hawajanunuliwa, akatoza ada ndogo kwa kila mwanachama kwa ajili ya kukagua wanyama sokoni, kuwachanja na kuwatembelea kwa ratiba kwa mwaka mmoja, anauza kinga badala ya tiba, na mapato yake huwa ya kila mwezi badala ya kungoja msiba. Mkataba wa namna hiyo huandikwa kwa karatasi moja inayosema nini kimo katika ada na nini kitalipiwa pembeni. Bima ya mifugo nayo, ambayo tangu mwaka 2016 serikali huchangia sehemu ya malipo yake kupitia mpango wa bima ya kilimo, huhitaji daktari wa kuthibitisha hali ya mnyama, na hiyo ni kazi ya ujuzi mtupu isiyohusu chupa yoyote.

Jaribio kubwa la kujenga biashara za aina hii mashariki na kaskazini mwa Uganda lilitokana na ugonjwa wa malale. Busoga, nchi iliyoizunguka Jinja, ilipoteza watu wengi mno kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa karne ya 20, na ulilipuka tena huko kuanzia miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionekana Soroti, ukibebwa na ng'ombe waliopelekwa kuuzwa mnadani kutoka maeneo yenye vimelea, kisha ukasogea kaskazini kuelekea Kaberamaido, Dokolo na Lira. Mwaka 2006 Makerere, Chuo Kikuu cha Edinburgh, kampuni ya dawa ya Ceva, shirika la IKARE na baraza la serikali la kudhibiti malale walianza kampeni ya pamoja, ambamo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya mifugo waliwatibu ng'ombe wengi kwa dawa ya kuua vimelea na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o miguuni, tumboni na masikioni tu, kwa kuwa mbung'o hupenda kuuma miguu na tumbo, na kupe wa masikio hushika masikio. Kunyunyizia sehemu hizo peke yake kulipunguza sana kiasi cha dawa kwa kila mnyama, na gharama ikawa ndogo kiasi cha mfugaji kuweza kuilipa mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kinachohusika hapa. Baadhi ya wahitimu walibaki katika wilaya hizo na kusaidiwa kufungua biashara zao, wakijulikana kama 3V Vets, ili huduma ya kunyunyizia iendelee baada ya fedha za wafadhili kwisha. Wazo lilikuwa kwamba kinga ya ugonjwa wa binadamu, ambayo ni manufaa ya umma, inaweza kubebwa na mfugaji anayelipia manufaa yake binafsi ya kuwaondoa kupe. Ni wazo zuri, na ubora wake umo katika huduma iliyochaguliwa: kunyunyizia ng'ombe ni kazi inayoonekana, inayorudiwa kila baada ya wiki chache, inayofanywa kwa kundi la kijiji kizima asubuhi moja, na inayolipwa kwa kichwa cha ng'ombe. Daktari wa Mbale mwenye pampu nzuri, vijana wawili waliofunzwa na ratiba ya vijiji anaweza kuifanya Wanale, banda kwa banda, akitumia kundi la dawa linalofaa na kipimo sahihi, na hapo usugu wa kupe unakabiliwa na mtu ambaye mapato yake yanatokana na kufanya kazi hiyo sawasawa.

Ipo misukosuko ambayo daftari haliwezi kuizuia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulizifanya wilaya nyingi za Uganda ziwekwe karantini, masoko ya mifugo yakafungwa, na mfugaji asiyeweza kuuza ng'ombe hakuweza kulipa deni. Mwishoni mwa Julai 2022 mito inayopita Mbale ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Ofisi yenye akiba ya gharama za kudumu za miezi mitatu huvuka vipindi kama hivyo, na akiba hiyo haiwezi kupatikana kwa faida ya chupa.

Wengi wa wahitimu wanaotoka Makerere, na wa wenye stashahada na vyeti wanaotoka vyuo vingine, hujiajiri, kwa hiyo hesabu za ofisi zinastahili kufundishwa kwa uzito uleule wa somo la vimelea, na mwanafunzi apimwe kwa daftari la mwaka mzima la ofisi halisi. Wasaidizi nao walipwe kwa idadi ya wanyama waliofuatiliwa hadi kupona, na si kwa mauzo ya rafu. Mfugaji naye, awe wa Wanale, wa Jinja au wa kwingineko kokote Afrika Mashariki, ana sehemu yake katika jambo hili: siku atakapomwita tena daktari, aulize ada ya kazi kabla ya kuuliza bei ya dawa, ailipe, na adai iandikwe kwenye risiti katika mstari wake peke yake.